Chanjo kabla ya kupandikiza mimba: kinachogharimu zaidi ni mwezi wa kusubiri

Hospitali binafsi za Nairobi zinazopandikiza mimba kwa njia ya IVF kwa kawaida hutaja bei inayoanzia kwenye laki nne za Kenya kwa mzunguko mmoja, na dawa za kuchochea mayai mara nyingi hulipiwa kando. Fedha hizo hazipatikani kirahisi. Kuna aliyeuza kiwanja, kuna aliyekopa Sacco, kuna aliyengoja zamu yake ya chama kwa muda mrefu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa, wiki moja kabla ya kuanza sindano, kwamba hana kinga ya rubella na kwamba itabidi achanjwe kisha asubiri, huvunjika moyo. Chanjo yenyewe inagharimu elfu chache tu. Kinachomuuma ni ule mwezi.

Katika ulinganisho huu nimeuhesabu mwezi huo pamoja na shilingi, kwa sababu bei iliyobandikwa kwenye kaunta ya maabara haisemi lolote kuhusu muda. Jambo la kwanza la kujua linapunguza nusu ya wasiwasi: chanjo nyingi hazimcheleweshi mtu hata siku moja. Zinazodai subira ni zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mwanamke wa Afrika Mashariki anayetafuta mtoto hizo ni tatu hasa: MMR, inayokinga surua, matumbwitumbwi na rubella, chanjo ya tetekuwanga, na ya homa ya manjano. Hizi hazitolewi kwa mjamzito isipokuwa ile ya homa ya manjano pale hatari ya ugonjwa inapokuwa kubwa kweli, na baada ya kuzipata mwanamke anatakiwa asishike mimba kwa wiki 4. Pepopunda, homa ya ini aina B, mafua makali na UVIKO-19 hazimo katika kundi hilo.

Nianze na rubella, maana ndiyo inayoharibu mipango ya wengi. Kwa mtu mzima ni homa ndogo na vipele vya siku chache. Kwa mimba changa ni balaa. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman McAlister Gregg, aligundua kwamba watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho aliokuwa akiwaona walikuwa na mama waliougua rubella mwanzoni mwa ujauzito. Leo tunajua kwamba virusi hivyo vinaweza pia kuharibu moyo, masikio na ubongo wa mtoto, au kuitoa mimba, na kwamba mama akiambukizwa katika wiki 12 za kwanza uwezekano wa virusi kumfikia mtoto unakaribia asilimia 90. Wiki hizo ndizo anazozilipia mtu anayepandikiza mimba.

Sasa tazama miaka. Tanzania ilianza kuchanja surua na rubella kwa pamoja mwaka 2014, kwa kampeni ya watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Kenya ilifanya kampeni kama hiyo mwaka 2016. Mwanamke ambaye leo ana miaka 33 au 40, na huo ndio umri wa wengi wanaoingia kliniki za uzazi, alikuwa ameshapita umri wa kampeni hizo. Hakuchanjwa rubella na serikali. Wengi wa rika lake wana kinga kwa sababu waliugua utotoni bila hata kujua, lakini nani anayo na nani hana, usoni haionekani.

Hapo ndipo uamuzi wa kwanza wa fedha unapokuja: apime kwanza au achanjwe moja kwa moja? Kumchanja mtu mwenye kinga tayari hakumdhuru. Kwa hiyo kama bei ya kipimo na bei ya dozi moja zinakaribiana, na kama mwanamke ana mwezi wa kungoja kwa sababu nyingine, tuseme mumewe anarudia kipimo cha mbegu au yeye anangoja kuondolewa uvimbe mdogo kwenye kizazi, basi kupima ni kulipa mara mbili. Achanjwe, aendelee na maisha yake, mwezi ukiisha yuko tayari. Lakini kama kila kitu kiko tayari na mzunguko unaanza hedhi ijayo, kipimo ni fedha iliyotumika vizuri, maana pengine kitamwonyesha ana kinga na hatapoteza siku.

Kipimo chenyewe kiombwe kwa jina lake. Kinachotafutwa ni kingamwili za IgG za rubella, basi. Maabara nyingi zitampa kifurushi kiitwacho TORCH, kinachochanganya rubella na toksoplazma, saitomegalo na herpesi, kwa bei kubwa zaidi, na mara nyingi pamoja na kingamwili za IgM ambazo humtisha bure mtu mzima asiye na ugonjwa wowote. Chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kilishaandika katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu mimba zinazotoka mara kwa mara kwamba upimaji wa TORCH uachwe. Inaniumiza kuona mwanamke akilipia kifurushi hicho, akipewa karatasi yenye alama za kujumlisha zilizopigwa mstari mwekundu, kisha akimezeshwa dawa asizozihitaji huku rubella, swali pekee lililohitaji jibu, ikipita bila maelezo.

Tuseme jibu limekuja: hana kinga. Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 37 anayeishi Mombasa, mayai yake si mengi, na fedha za mzunguko mmoja anazo. Ana njia tatu.

Ya kwanza ni kuchanjwa sasa na kusubiri. Kwa rubella dozi moja ya MMR inatosha, na subira ni siku 28. Atakutana na daktari atakayemwambia miezi 3. Huo ulikuwa ushauri wa zamani. Marekani iliufuta mwaka 2001 na kuweka siku 28, na hakuna haja ya mwanamke wa miaka 37 kupoteza miezi miwili kwa kanuni iliyokwisha. Tetekuwanga ni ndefu zaidi: dozi 2 zinazoachana wiki 4 au zaidi, kisha wiki 4 nyingine, yaani miezi miwili kamili. Haimo katika ratiba ya chanjo za serikali ya Kenya wala Tanzania, kwa hiyo ni ya kununua. Aliyewahi kuugua tetekuwanga hana haja nayo. Lakini asidhani kila mtu mzima amewahi kuugua: katika nchi za joto wengi hufika utu uzima bila kuipata, tofauti na Ulaya, na mjamzito akiipata anaweza kupata nimonia kali. Madhara kwa mtoto aliye tumboni ni machache kuliko ya rubella, hayazidi takriban asilimia 2 hata katika wiki zilizo mbaya zaidi.

Je, mwezi mmoja au miwili inaharibu nafasi ya mwenye mayai machache? Hili ndilo swali linalowakosesha usingizi. Utafiti wa Weill Cornell, New York, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Human Reproduction, uliwalinganisha wanawake wenye akiba ndogo ya mayai walioanza IVF ndani ya siku 90 tangu kumwona daktari na wale walioanza kati ya siku 91 na 180. Viwango vya kuzaa watoto hai havikutofautiana. Kwa hiyo siku 28 si adui anayeogopwa, hata kwa mtu wa miaka 37. Kinachochelewesha watu kwa kweli ni kuambiwa habari ya rubella baada ya dawa kununuliwa na tarehe kupangwa, kwa sababu karatasi ya vipimo vya kuanzia haikuwa na mstari huo.

Njia ya pili ni kuanza bila kusubiri, kuvuna mayai, kuyarutubisha, kugandisha viinitete, kisha kuchanjwa na kupandikiza baadaye. Subira ya chanjo inahusu kushika mimba; haihusu kuchochea mayai. Mwili wenyewe kwa kawaida hupewa angalau hedhi moja ipumzike kabla ya kupandikiza kiinitete kilichogandishwa, na wiki 4 za MMR zinaingia humo humo. Kwa aliyekuwa anagandisha hata hivyo, labda kwa sababu ovari zilivimba kwa dawa au anafanyiwa vipimo vya vinasaba, chanjo inakuwa haijamgharimu muda wowote. Kwa ambaye hakuwa na mpango huo, hapa ndipo mfuko unapoguswa: ada ya kugandisha, ada ya kuhifadhi kila mwaka, na ada ya mzunguko wa kupandikiza, ambazo hospitali nyingi huzitoza tofauti na ile bei ya kwanza. Aombe orodha ya ada hizo kwa maandishi, azijumlishe, aziweke kando ya mwezi mmoja wa kungoja. Kwa mwenye fedha za mzunguko mmoja tu, mimi ningemshauri achanjwe na kungoja. Kwa mwenye miaka 42 na daktari anayesema kila hedhi ni muhimu, kugandisha kuna maana. Na kuna tahadhari moja ambayo husahaulika: mwenye mirija iliyo wazi anaweza kushika mimba mwenyewe katika mwezi wa chanjo. Kondomu itumike, hata na watu waliotafuta mtoto miaka mingi.

Njia ya tatu ni kupandikiza bila kinga na kuchanjwa baada ya kujifungua. Haigharimu shilingi wala siku, na ndiyo inayochaguliwa na wengi wasiojua kwamba wamechagua. Kampeni za 2014 na 2016 zimepunguza rubella, hilo ni kweli. Lakini mwalimu wa chekechea, nesi wa wodi ya watoto, au mama anayeishi nyumba moja na wapwa watano wadogo hana namna ya kumkwepa mgonjwa, kwa sababu rubella huambukiza hata kabla ya vipele kutokea. Kwa hao siioni kuwa njia.

Kuna kundi ambalo hesabu yake ni tofauti kabisa, nalo ni Wakenya na Waganda wanaokwenda India kufanyiwa IVF. India inadai cheti cha homa ya manjano kwa wasafiri kutoka Kenya na Uganda, na asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Cheti kinaanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Basi watu huchanjwa siku 11 au 12 kabla ya ndege, kwa haraka ya visa na tiketi, na kadi ya njano inagongwa muhuri. Hakuna anayewauliza wanakwenda kufanya nini. Wakifika Mumbai au Delhi wanaanza sindano za mayai, na kiinitete kibichi kinaweza kuwa tayari kupandikizwa kabla ya wiki 4 kutimia. Mtu amelipia tiketi mbili, chumba cha kupanga na hospitali, halafu daktari makini anamwambia viinitete vigandishwe na arudi baadaye. Tiketi nyingine hiyo.

Dawa yake ni kuchanjwa mapema, hata miezi mingi kabla, maana tangu Julai 2016 cheti hicho kinadumu maisha yote. Aliyewahi kuchanjwa zamani aitafute ile kadi kabla ya kulipia nyingine. Asiyeweza kuchanjwa kwa sababu ya kiafya anaweza kupata barua ya daktari ya kumwondolea sharti, inayotambuliwa na kanuni za afya za kimataifa, ingawa maofisa wa uwanja wa ndege bado wanaweza kumwekea masharti. Na kama anahitaji MMR pia, apange kalenda mapema zaidi. Chanjo mbili zenye virusi hai hutolewa siku moja au ziachane wiki 4. Kwa hizi mbili mwongozo wa Marekani unaruhusu siku moja, ule wa Uingereza unapendelea ziachanishwe. Mwenye miezi mitatu kabla ya safari anaweza kufuata ushauri wa Uingereza bila kupoteza kitu. Mwenye wiki sita hana nafasi hiyo.

Homa ya ini aina B ni nafuu kuliko inavyofikiriwa, kwa maana ya muda. Dozi ni 3, mwanzo, mwezi wa 1 na wa 6, na anayesikia miezi sita huona IVF imesogezwa hadi mwakani. Haijasogezwa. Chanjo hii haina virusi hai; inaweza kuanza leo, mimba ikaingia katikati, na dozi zikaendelea. Kliniki ya uzazi huwapima wote wawili, mke na mume, kwa virusi hivyo kabla ya kuanza, kwa hiyo kipimo tayari kimo katika gharama na hakuna sababu ya kukilipia tena kwingine. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo hii mwaka 2002, kwa hiyo mwanamke wa miaka 30 huenda hana. Mke au mume akikutwa na virusi na mwenzake hana, fedha ya kwanza iende kwenye chanjo ya huyo asiye navyo.

Ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ni kinyume chake: ni ya gharama kubwa kwenye zahanati binafsi, si ya virusi hai, lakini haishauriwi kuanzishwa wakati wa ujauzito. Aliyepata dozi moja kisha akashika mimba asiogope. Zilizobaki zinangoja hadi ajifungue. Sioni haja ya kuahirisha IVF kwa ajili yake. Kipimo cha mlango wa kizazi kabla ya mimba ndicho nisingekiruka.

Pepopunda ni bure, na hapa nakutana na watu wanaoilipia. Katika kliniki za serikali za wajawazito, Kenya na Tanzania, mama hupewa anapofika mara ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4, na dozi 5 kwa ratiba yake zinamkinga kwa miaka yake yote ya kuzaa. Lengo ni kumpa mtoto kinga wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo hakuna faida ya kuinunua katika kifurushi cha chanjo za kabla ya ujauzito. Atafute kadi zake za zamani, hata za shule.

Lakini pepopunda ina kidonda chake. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo iliyotolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilitiwa homoni ya hCG ili kuwafanya wagumba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Hofu hiyo haikuota hewani: miongo kadhaa iliyopita watafiti walijaribu kweli kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba kwa kuunganisha hCG na sumu ya pepopunda iliyodhoofishwa. Hiyo ilikuwa bidhaa nyingine ya majaribio, wala si ile inayotolewa kliniki. Mwanamke anayepitia IVF anaijua hCG kuliko jirani zake, kwa kuwa hudungwa homoni hiyo, au dawa nyingine yenye kazi kama hiyo, kukomaza mayai, na ndiyo inayopimwa kwenye damu kuona kama mimba imeshika. Ana haki ya kuuliza swali hilo na kujibiwa bila kudharauliwa. Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga, kwa chanjo hiyo hiyo, na wanawake waliochanjwa waliendelea kuzaa.

Kwa chanjo ya mafua makali na ya UVIKO-19, mashirika ya tiba ya uzazi hayataki mtu aahirishe matibabu, na zinaweza kutolewa katika miezi yoyote ya ujauzito. Suala lililopo ni homa. Jopo la chama cha tiba ya uzazi cha Marekani lilishauri chanjo ya UVIKO-19 isitolewe ndani ya siku 3 kabla au baada ya kuvuna mayai au utaratibu mwingine wa upasuaji, ili homa ya chanjo isidhaniwe kuwa ni maambukizi. Huku kwetu naongeza jambo. Homa baada ya sindano, kwa mtu wa Tanga, Kisumu au Kilifi, inaweza kuwa malaria, na malaria katika mimba changa ni hatari kuliko chanjo yoyote niliyoitaja. Apimwe siku hiyo hiyo. Asinywe panadoli akangoja ipite.

Na aliyechanjwa MMR kisha akajikuta na mimba? Marekani iliwafuatilia wanawake wa namna hiyo tangu 1971 hadi 1989, na hakupatikana mtoto hata mmoja aliyezaliwa na ugonjwa wa rubella kwa sababu ya chanjo. Wiki 4 ni tahadhari. Mimba iliyoingia ndani yake haipaswi kutolewa kwa sababu hiyo, na nasema hivi kwa sababu wapo walioshauriwa hivyo.

Kuna matumizi madogo ambayo hayadai subira yoyote, nayo ni kuwachanja walio nyumbani. Mume asiye na kinga anaweza kupata MMR siku yoyote, na watoto wa nyumba hiyo wapewe chanjo yao ya surua na rubella kwa ratiba ya kawaida, bure, hata kama shangazi yao ni mjamzito. Virusi vya chanjo hiyo haviambukizi wajawazito.

Kabla ya kudungwa chanjo yoyote yenye virusi hai, mwanamke amwambie muuguzi dawa anazotumia. Baadhi ya kliniki za IVF hutoa prednisolone, dawa inayopunguza kinga ya mwili, na anayemeza miligramu 20 au zaidi kila siku kwa wiki 2 au zaidi anatakiwa angoje angalau mwezi baada ya kuacha. Na kwa aliyejifungua bila kinga ya rubella, akiwa bado na viinitete kwenye tangi la hospitali na ada ya kuhifadhi inaendelea kuhesabika, MMR aiombe kabla hajatoka wodini au atakapompeleka mtoto kliniki ya wiki sita. Kunyonyesha hakuizuii, na akirudi kwa kiinitete kinachofuata hatakuwa na mwezi wa kusubiri.